Taa za dashibodi zimezimwa na fundi ni shemeji yangu, Desemba tunaenda Rombo

Anti shikamoo, pole na majukumu. Naomba uiweke barua yangu ila jina langu usilitoe maana ukoo wa mume wangu wanasoma sana hizi safu na wakinijua itakuwa shida nyingine juu ya hii niliyonayo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza ana miaka 9 mdogo ana 4, tunaishi Dar huku Kimara. Tuna gari Toyota IST ya 2004, tuliinunua mkononi kwa mtu miaka mitatu iliyopita, hela nusu alitoa mume wangu nusu nilikopa mimi kikoba na marejesho nimemaliza mwaka huu tu mwezi wa nne. Siku za kazi naendesha mimi, wikiendi na safari anaendesha yeye. Fundi wetu ni mdogo wake wa damu, tumbo moja. Mume wangu ndio alimlipia chuo cha ufundi mpaka akamaliza akamnunulia na spana za kuanzia, na mama mkwe kila tukiongea kwenye simu lazima aulize kama mdogo wenu mnampelekea kazi. Kwahiyo gari letu halijawahi kuguswa na mtu mwingine zaidi yake.

Sasa tangu mwezi wa sita ile taa ya njano ya cheki injini ikawa inawaka haizimi, na nyingine ina picha ya kimtu kimekaa kina duara mbele kama kabeba mpira, nikaambiwa hiyo ni ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga. Gari ilikuwa inatembea vizuri tu haina shida. Mume wangu akampigia mdogo wake mbele yangu akamwambia hizo taa zinanikera bwana, zishughulikie. Gari ikalala gereji siku moja ikarudi dashibodi safi kabisa, nikafurahi hadi nikamtumia shemeji hela ya soda.

Wiki mbili zilizopita nikampa lifti kaka mmoja tunafanya naye kazi. Nimewasha swichi bado sijapiga stata, namsubiri afunge mkanda, akaniuliza dada mbona taa yako ya cheki injini haiji kabisa? Mimi nikamwambia si ndio vizuri, imeshatengenezwa. Akasema hapana, ukiwasha swichi inatakiwa iwake kwanza ndio izime, kama haiwaki kabisa kuna mtu kaitoa. Anti nilizima nikawasha mara tatu pale pale. Ya oili inakuja, ya betri inakuja, hizo mbili giza.

Wiki hiyohiyo nikapata pancha tairi la nyuma kushoto. Kijana wa pancha pale barabarani akalipapasa akaniita nione, pembeni kuna mipasuko midogomidogo kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Halafu akanionyesha namba 2213, akasema mama hili tairi ni la mwaka 2013. Nilishangaa maana hizo tairi tulinunua mwaka jana, mtumba wa Japani, elfu 55 moja, na kashata, yale meno ya juu ya tairi, imejaa kabisa, mimi nilijua ni kama mpya.

Nikamwambia mume wangu yote mawili, usiku, baada ya kula. Akacheka kidogo akasema we umeanza lini ufundi. Nilivyoendelea akakasirika akasema nataka kumharibia dogo jina kwa maneno ya wanaume wa ofisini. Ile kauli iliniuma sana Anti. Leo siku ya nne tunaongea kupitia watoto, mwambie baba chakula tayari, mwambie mama naenda kuoga.

Na tarehe 20 Desemba tunaenda Rombo kama kila mwaka, mimi, yeye, watoto na dada wa kazi, na mizigo ya watu wa nyumbani buti imejaa mpaka kioo hakionekani. Mume wangu kabla ya safari ndefu huwa anapunguza upepo kwenye tairi zote, anasema zikipata moto upepo unaongezeka zitapasuka, sasa hata hilo sijui kama ni kweli.

Nimewaza nipeleke gari kwa fundi mwingine kimyakimya siku ya kazi. Nimewaza nipande basi na wanangu yeye aje na gari lake. Nimewaza hata kumwambia mama mkwe. Kila nikiwaza naona naharibu. Sitaki kuonekana mwanamke mjuaji lakini naogopa ile barabara kuliko ninavyoogopa kuonekana hivyo. Nifanyeje?

Mama wawili, Kimara

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi nimeirudia. Naona una vitu viwili vimefungwa kwenye kanga moja, kuna gari na kuna heshima ndani ya nyumba yako, na kila ukitaka kugusa kimoja kingine kinadondoka. Ngoja tuvifungue taratibu, tuanze na gari maana yenyewe ina tarehe.

Kwanza yule kaka wa ofisini alikwambia kitu cha kweli. Ukiwasha swichi kabla ya stata, gari inajikagua na inaziwasha taa zake za tahadhari ili wewe uone kwamba balbu ni nzima. Ukipiga stata ya oili na ya betri zinazima. Ile ya eabegi ina muda wake, kwenye Toyota nyingi inakaa kama sekunde 6 ndio inazima, ya ABS, ile ya mfumo wa breki, inatangulia kidogo. Kwahiyo kaa kwenye gari asubuhi moja peke yako, washa swichi, uangalie moja moja inavyozima, halafu ndio upige stata. Nakwambia uangalie hivyo kwa sababu kuna ujanja mwingine wa kuunganisha waya wa eabegi na taa nyingine ili ziwake na kuzima pamoja, na mtu asiyejua anaona kila kitu kipo sawa. Taa inayozima sekunde ileile na ya oili ina maelezo ya kutoa.

Ya kwako haiwaki kabisa. Inawezekana balbu imetolewa, imebandikwa gundi nyeusi nyuma ya dashibodi, au imeungua tu yenyewe ikakutana na wakati mbaya. Ila mbili kuungua siku moja zote baada ya kutoka gereji, mmh, hapo hata mimi nasita.

Lakini mwanangu, kuna mstari kwenye barua yako nimeupigia kidole. Umeandika mume wako alimwambia mdogo wake "hizo taa zinanikera, zishughulikie". Hakusema tafuta ugonjwa. Mdogo mtu aliyelipiwa ada na kaka yake, amenunuliwa spana na kaka yake, anapigiwa simu anaambiwa taa zinanikera. Unadhani alisikia nini? Mafundi wengi wanaombwa kitu hichohicho kila wiki, toa hiyo taa, na kuna anayekataa na kuna anayeona aibu kumwambia mteja kwamba kupima na kubadilisha kitu chenyewe ni hela nyingi. Simtetei. Eabegi ni uhai wa mtu na kuificha taa yake ni kosa kubwa. Nasema tu kwamba wewe umeandika kana kwamba shemeji amewadanganya, na inaweza ikawa yule aliyetaka kudanganywa kidogo ni baba watoto mwenyewe, na hasira yake ya ile usiku inatoka hapo. Sijui, wewe ndio unaishi naye. Lakini ukienda kumshtaki dogo wakati kaka ndio aliyetoa oda, utakuwa umewaweka wote wawili upande mmoja na wewe upande wa pili.

Sasa hizo taa mbili maana yake nini. Ya cheki injini ikiwaka njano imetulia haisemi simama hapo hapo, mara nyingi ni sensa ya oksijeni, plagi zimechoka, koili, au masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi, yameziba au yalishatolewa zamani na mwenye gari wa kwanza, maana gari za mkononi hilo ni la kawaida mno. Inasema nipeleke nikapimwe na mashine. Ila ikianza kupepesa, inawaka inazima inawaka inazima, hapo injini inakosa moto kwenye silinda na mafuta yasiyoungua yanaenda kuunguza masega, unatakiwa upunguze mwendo utafute pa kusimama. Hiyo tofauti ya kutulia na kupepesa ndio mmeipoteza, kwa sababu taa haipo. Kwenye milima ya kupanda Marangu na gari imejaa ndio mahali ambapo koili mbovu inajionyesha.

Ya eabegi ni nyingine. Ikiwa imewaka maana yake mfumo umejitambua una hitilafu na siku ya ajali unaweza usifunguke, na kwenye gari nyingi mfumo huohuo ndio unaivuta mikanda ya mbele ikaze mtu anaporushwa. Gari itatembea vizuri tu kama ulivyosema, miaka na miaka. Hitilafu yake haina mlio. Kwahiyo ule usemi wako kwamba gari haina shida, uufikirie tena kidogo.

Na hizi zinazofanya kazi bado uzijue na rangi yake. Nyekundu ni kusimama. Ya kopo la oili ikiwaka unaendesha, zima injini pale pale pembeni, dakika chache zinatosha kuiua. Ya duara lenye alama ya mshangao katikati, kama hanbreki iko chini na bado inawaka, hasa ukikata kona au ukiteremka, angalia mafuta ya breki, mara nyingi yameshuka kwa sababu pedi zimeisha.

Nimezungumza sana kuhusu taa lakini kiukweli kinachonitisha kwenye barua yako ni tairi. IST ya mwaka huo haina taa ya upepo wa tairi kabisa. Hakuna cha kuwaka wala kuzimwa. Kile kidole cha yule kijana wa pancha kilichopapasa mipasuko ndio ilikuwa taa yenyewe, na umeiona, na mtu akikwambia umeanza lini ufundi jibu lipo, umeanza siku ile.

Namba alizokusomea ni sahihi. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwahiyo 2213 ni wiki ya 22 ya mwaka 2013. Mara nyingi inaandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwahiyo tairi zile tatu nyingine ukizikuta hazina usiseme hakuna, chungulia upande wa ndani. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Watengenezaji wengi wa tairi wanashauri zikishafika miaka 5 zikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika 10 zitolewe hata kama kashata imejaa. Kashata inakwambia tairi limetembea kiasi gani, umri wake haikwambii. Ukiwa unaangalia kashata yenyewe, ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, kashata ikishuka ikalingana navyo imebaki milimita 1.6 na tairi limeisha.

Mimi lilinipasukia la nyuma nikiwa natoka Mombo kuelekea Same, mchana saa saba, jua kali lile la tambarare chini ya Upare. Lilianza kugonga, du du du du, chini ya kiti, na mimi nikasema ni barabara. Nikaendelea kama dakika kumi na kitu. Lilivyoachia, ngozi yote ya juu ilibanduka ikapiga bodi kama mtu anapiga bati na rungu na mkia wa gari ukaanza kwenda kushoto. Kilichonisaidia niliwahi kuambiwa usikanyage breki, shika usukani kwa mikono miwili gari iende mbele, toa mguu kwenye mafuta taratibu, na likipungua mwendo ndio utoke pembeni. Nilivyosimama miguu ilikuwa haina nguvu ya kushuka. Tairi lile lilikuwa na kashata nzuri tu. Kwahiyo ukisikia mtetemo ambao jana haukuwepo, simameni muangalie, msibishane kama ni barabara.

Hilo la kupunguza upepo, wanaume wengi wa umri wa mume wako wameshalisikia kwa mtu na wanalifanya kwa nia nzuri kabisa, lakini linafanya kinyume cha wanachotaka. Aliyetengeneza gari anajua upepo utapanda tairi likipata moto, kile kipimo alichoandika ameshakihesabia. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea pembeni kila likizunguka, kule kubonyeabonyea ndio kunazalisha moto, na moto ndio unaachanisha nyuzi na mpira. Weka mzigo wa Desemba juu yake, watu watano, na lami ya Korogwe hadi Same. Kipimo kipo kwenye kibandiko ukifungua mlango wa dereva, kwenye nguzo. Kimeandikwa Kijapani lakini namba zinasomeka, tafuta kPa, hicho ndio kipimo cha upepo, 220 ni kama 32 kwenye kipimo cha psi cha sheli na 230 ni kama 33. Pimeni tairi likiwa la baridi, asubuhi kabla halijatembea. Mkifika sheli njiani likiwa la moto mkikuta limezidi msitoe.

Hela najua. Tairi nne mpya mwezi wa Desemba na ada za Januari zinakuja, siwezi kukaa hapa nikakuandikia kama vile ni kitunguu. Wapo wanaonunua mbili kwanza, na hapo wengi wanaziweka mbele, lakini zile nzuri zinatakiwa nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza gari inajizungusha na dereva wa kawaida hawezi kuirudisha. Hatari ya njia hiyo ni kwamba mbili za zamani bado mnazo, tena mbele, na mnaenda nazo mbali. Wengine wanatafuta mtumba mwingine lakini wanasoma namba kabla ya kutoa hela. Na spea mfungue buti muiangalie, kama ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani inaweza ikawa bado ina vinyweleo vyake vya kiwandani na ina umri wa kijana wa kuoa.

Turudi nyumbani kwako sasa. Kupeleka gari kwa fundi mwingine kimyakimya, utapata majibu ya uhakika, lakini utakuwa na karatasi mkononi ambayo huwezi kuitoa bila kusema umeipataje, na ile kauli yake ya wanaume wa ofisini itapata nguvu ambayo haistahili. Kuna njia ya karibu na hiyo. Mambo ya taa ni ya fundi umeme wa magari mwenye mashine, na shemeji yako kama ni fundi injini hakuna aibu gari kupelekwa huko, mafundi wenyewe wanapelekeana. Unaweza hata kuomba shemeji ndio alipeleke na asimame pale. Anaweza akakataa, anaweza pia akashukuru kwamba mtu mwingine ndio anasema lile aliloshindwa kumwambia kaka yake.

Basi na watoto ni haki yako, na nauli na nafasi za Desemba njia ya Moshi unazijua, uanze kutafuta mapema, kuna na treni iliyorudi njia hiyo Desemba 2019, ulizia kama bado inaenda na ratiba yake. Lakini jiulize mume wako atabaki peke yake na lile gari na zile tairi, na wewe umekaa kwenye basi unaangalia simu kila saa. Kama ukifika huko kwamba hakuna lingine, mwambie kwa upole kwamba unaogopa tairi, asije akadhani unamkimbia yeye.

Mama mkwe ningemwacha kwanza. Atakayesikia ni mama anayeambiwa mwanawe mdogo ni fundi mbaya, mambo ya taa hatayasikia, na mtakaa naye wiki mbili jiko moja.

Umesema hutaki kuonekana mjuaji. Mwanangu, ulikopa kikoba ukalipa mpaka mwisho, kila siku unaliendesha wewe, mzigo wa kujua lina afya gani ulishakuwa wako muda mrefu. Ila ile mara ya kwanza ulimpelekea mambo mawili kwa mpigo, usiku, na moja likitoka kwa mwanaume mwingine na la pili likimgusa mdogo wake. Sisemi ulikosea, ningekuwa mimi pengine ningefanya vilevile. Nafikiria tu kama ungemwita asubuhi ukamwambia baba watoto njoo uniwashie swichi hapa uone na macho yako, bila neno la zaidi, angekuwa na nafasi ya kuliona mwenyewe.

Au uanze na la upepo, hilo halimgusi dogo wala halina gharama. Mwambie umesikia safari ndefu tairi zinapimwa za baridi na hujui kusoma kile kibandiko cha Kijapani, akusaidie. Mkisome wote wawili, Jumamosi asubuhi, kabla gari haijatoka, na yeye akiwa amechuchumaa pale chini na kipimo cha upepo, namba 2213 atakuwa anaiangalia.